Tumezima Pampu, Mgonjwa Hajapona

Kuna sentensi moja ambayo ukizoea kusoma makala za utafiti wa saratani huwezi kuikosa. Hukaa mwishoni mwa muhtasari, na husema hivi au karibu na hivi: kiambata tulichokipima kimerudisha nguvu ya dawa kwenye seli sugu, kwa hiyo kinaweza kusaidia kushinda usugu wa dawa kwa wagonjwa wa saratani. Badilisha jina la kiambata, weka mmea mwingine, weka seli za titi badala ya seli za damu, sentensi inabaki ile ile.

Leo nataka tuikosoe sentensi hiyo. Sio kwamba wanaoiandika ni waongo. Mara nyingi kila walichokipima kiko sawa kabisa. Shida iko kwenye yale maneno mawili, "kwa hiyo". Kati ya seli iliyokufa kwenye kisahani cha maabara na mgonjwa aliyepata nafuu kuna safari ndefu, na safari hiyo watu walishaifunga. Walisafiri kwa karibu miaka thelathini, wakiwa na fedha, hospitali kubwa na dawa zilizotengenezwa kwa kazi hiyo tu, na kwa sehemu kubwa walirudi mikono mitupu. Sisi tunapenda kunukuu walivyoanza safari, halafu tunanyamaza kuhusu walivyorudi.

Kwa hiyo twende nao mpaka mwisho.

Neno lenyewe linatuchanganya

Tuanze na neno "sugu". Ukilima kwa jembe la mkono wiki nzima, kiganja kinaota sugu. Ngozi ile ile iliyokuwa laini imekuwa ngumu kwa sababu ya kusuguliwa. Ndiyo maana tukisikia "seli sugu" picha inayotujia ni hiyo: seli imepigwa na dawa, imepigwa tena, mwisho imezoea. Hata mtaani watu husema "mwili umeizoea dawa".

Kwa sehemu kubwa sivyo ilivyo. Mwaka 1943 Salvador Luria na Max Delbrück walionyesha kwa bakteria kwamba wale wanaonusurika shambulio la virusi walikuwa na mabadiliko yao ya jeni hata kabla ya kukutana na virusi hao. Mwaka 1952 Lloyd Law alitumia mantiki hiyo hiyo kwa seli za saratani ya damu za panya, akakuta seli zinazohimili dawa zilikuwepo kabla dawa haijawekwa. Yaani dawa haikuzifundisha chochote. Dawa ilifanya kazi ya chekeche: ilipitisha zilizokuwa dhaifu, zikaenda zake, ikabakiza zile ambazo tangu mwanzo zilikuwa tofauti. Sio usugu wote unaanza hivyo, kwa sababu kuna seli zinazobadili tabia baada ya kuguswa na dawa, lakini chekeche ndiyo picha ya kuanzia.

Na uvimbe una seli nyingi za kuchekecha. Uvimbe wa ukubwa wa sentimita moja tu unaweza kuwa na mamia ya mamilioni ya seli, hata bilioni. Tuseme seli moja katika kila milioni inahimili dawa A. Tayari una mamia ya seli ambazo dawa A haitaziua, na mgonjwa hajameza hata kidonge kimoja.

Kutokana na hesabu hiyo likazaliwa wazo la kuchanganya dawa. Kama seli moja katika milioni inahimili dawa A, na nyingine moja katika milioni inahimili dawa B, basi seli inayohimili zote mbili kwa bahati tu ni moja katika trilioni. Wasomaji wetu wanaijua mantiki hii kutoka kwenye kifua kikuu na kutoka kwenye malaria, ambako siku hizi tunatumia dawa mseto. Watoto wenye limfoma ya Burkitt, saratani ambayo Denis Burkitt aliielezea mwaka 1958 kutokana na wagonjwa aliowaona Uganda, nao hutibiwa kwa mchanganyiko wa dawa, vinkristini ikiwa mojawapo.

Hesabu ni nzuri, ila ina sharti moja: njia ya kuihimili dawa A isiwe ndiyo njia ya kuihimili dawa B. Hapo ndipo pampu inapoingia na kuharibu shughuli.

Pampu moja, dawa nyingi

Mwaka 1973 Keld Danø wa Denmaki alionyesha kwamba seli sugu za saratani ya panya zilikuwa zinaitoa nje dawa ya daunomisini, tena kwa kutumia nishati. Dawa inaingia, seli inaitema. Mwaka 1976 Rudolph Juliano na Victor Ling, wakiwa Toronto, wakaipata protini inayoambatana na tabia hiyo kwenye utando wa seli. Wakaiita P-glikoprotini. Sisi hapa tutaiita pampu.

Cha ajabu kwenye pampu hii ni kwamba haichagui sana. Seli iliyozalishwa maabara kwa kuwekewa dawa moja tu hujikuta inahimili na dawa nyingine ambazo hazifanani nayo kwa umbo wala kwa kazi: vinkristini, daunomisini, kolkisini na nyinginezo. Ile hesabu ya moja katika trilioni inavunjika, kwa sababu seli haihitaji kubahatika mara mbili. Inahitaji pampu moja tu iliyowashwa.

Kisha mwaka 1981 Takashi Tsuruo na wenzake nchini Japani wakachukua verapamili, dawa ya shinikizo la damu na moyo ambayo tayari ilikuwepo madukani, wakaiweka pamoja na vinkristini kwenye seli sugu. Vinkristini ikaanza kujikusanya tena ndani ya seli. Seli zikafa. Hata panya waliopandikizwa seli hizo wakaishi muda mrefu zaidi. Hebu fikiria furaha ya siku hiyo. Tatizo limepatikana, liko sehemu moja, na dawa ya kulizima inauzwa tayari.

Miaka sita baadaye, 1987, ikaripotiwa kwamba verapamili hiyo hiyo inarudisha nguvu ya klorokwini kwenye vimelea sugu vya malaria maabarani. Sasa jiulize: umewahi kusikia mtu ameandikiwa verapamili kwa ajili ya malaria? Hapana. Tanzania Bara iliiacha klorokwini mwaka 2001, na baadaye tukaingia kwenye dawa mseto. Kwenye malaria usugu wa klorokwini tuliuzunguka kwa kubadilisha dawa, wala hatukuuvunja kwa kuzima kitu kwenye kimelea. Kwenye saratani, hata hivyo, watu waliamua kuizima pampu.

Majaribio yalivyokwenda

Verapamili yenyewe ilikwama mapema. Kiwango kilichozima pampu kwenye kisahani kilikuwa mara kadhaa ya kile ambacho damu ya binadamu inaweza kubeba bila moyo kupata matatizo. Mapigo yanavurugika, shinikizo linashuka. Kisahani hakina moyo, kwa hiyo hakikulalamika.

Wakaja na kizazi cha pili. Maarufu zaidi ilikuwa valspodari, ndugu wa siklosporini aliyetengenezwa asishushe kinga ya mwili. Hii ilizima pampu vizuri sana. Lakini iligusa pia enzaimu za ini zinazovunjavunja dawa, kwa hiyo dawa za saratani zikawa zinakaa mwilini muda mrefu na kwa wingi. Madaktari wakalazimika kupunguza dozi, na kupunguza dozi kwa kukisia ni kamari. Katika jaribio moja la Marekani lililochapishwa mwaka 2002, wazee wenye saratani kali ya damu ya mieloidi waligawanywa makundi mawili, wenye valspodari na wasio nayo. Sehemu ya valspodari ilifungwa baada ya wagonjwa 120 kuingia kwenye jaribio. Vifo vya mapema, wakati wa awamu ya kwanza ya matibabu, vilikuwa asilimia 44 kwa waliopata valspodari na asilimia 20 kwa wasioipata.

Soma tena namba hizo. Kitu ambacho kwenye kisahani kilikuwa "kinarudisha nguvu ya dawa" ndicho hicho kwenye wodi kilichoambatana na vifo mara mbili zaidi. Kilifanya kilichotarajiwa, ila kilikifanya kwa mwili mzima.

Kizazi cha tatu kikasahihisha kosa hilo. Zosukwidari ilizima pampu bila kuvuruga sana enzaimu za ini. Safari hii dawa ilikuwa safi, jaribio lilikuwa kubwa: wagonjwa 449 wenye umri zaidi ya miaka 60, wenye saratani hiyo hiyo ya damu, nusu wakipewa zosukwidari na nusu kilinganishi kisicho na dawa ndani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Nusu ya waliopata zosukwidari waliishi zaidi ya miezi 7.2, nusu ya wale wasioipata waliishi zaidi ya miezi 9.4. Kitakwimu tofauti hiyo haihesabiki. Kwa lugha ya kawaida: pampu ilizimwa, na maisha hayakurefuka.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Mwaka 2001 jaribio jingine la Marekani, la wagonjwa 226, lilionyesha kwamba siklosporini iliyoongezwa kwenye matibabu ilipunguza usugu na kuongeza muda wa kuishi. Lipo, na asilitaje nani? Lakini kwenye jaribio hilo hilo kiwango cha daunorubisini kwenye damu kilikuwa juu zaidi kwa waliopata siklosporini. Kwa hiyo huwezi kusema kwa uhakika kama walisaidiwa na pampu kuzimwa, au walipata tu dawa nyingi zaidi. Matokeo mazuri yasiyoeleza sababu yake hayatoshi kubeba nadharia nzima.

Kosa lilikuwa wapi

Baiolojia ya pampu haikuwa ya uongo. Pampu ipo, na inatema dawa kweli. Mimi naona makosa yalikuwa matatu, na la tatu ndilo kubwa.

La kwanza: pampu sio mali ya saratani. Ni yetu. Iko kwenye utumbo, kwenye ini, kwenye figo, na kwenye kuta za mishipa midogo ya damu inayolinda ubongo. Kazi yake ya kila siku ni kufukuza sumu. Ushahidi bora wa jambo hili ulikuja kwa ajali. Watafiti wa Uholanzi walikuwa wamezalisha panya wasio na jeni ya pampu hii, na panya hao walionekana wazima kabisa. Kisha wakapata utitiri, wakapuliziwa ivermektini kama inavyofanyika kawaida kwenye mabanda ya panya. Panya wa kawaida hawakudhurika. Wale wasio na pampu wakafa. Walipochunguza, iliyochapishwa mwaka 1994, wakakuta ubongo wa panya wasio na pampu ulibeba ivermektini zaidi ya mara 80 ya ubongo wa panya wa kawaida. Ivermektini hiyo ndiyo dawa ambayo mamilioni ya watu Afrika huimeza kwenye kampeni za kingatiba ya usubi na matende. Sababu mojawapo ya wao kuimeza na kurudi nyumbani salama ni pampu hii. Ukiizima mwilini, umezima na mlinzi wa nyumba.

La pili: pampu sio mlango pekee. Mwaka 1992 ilipatikana pampu nyingine ya ukoo huo, mwaka 1998 nyingine tena. Na mbali na pampu, seli inaweza kurekebisha haraka uharibifu wa DNA yake, inaweza kubadilisha umbo la protini ambayo dawa inailenga, inaweza kukataa kujiua hata ikiwa imeharibika. Wale wa jaribio la zosukwidari wenyewe walieleza kushindwa kwao, kwa sehemu, kwa kuwepo kwa njia za usugu zisizohusiana na pampu.

La tatu: swali la mgonjwa liliulizwa kwa kuchelewa. Majaribio mengi yalipokea wagonjwa kwa jina la ugonjwa wao, bila kuweka sharti kwamba kwanza ionekane pampu imewashwa kwenye seli zao na ndiyo inayoitoa dawa. Ni sawa na fundi anayebadilisha pampu ya mafuta kwa kila gari linaloingia gereji kwa sababu kuna siku gari moja lilikuwa na shida hiyo. Magari mengine yana shida ya betri.

Seli za kisahani zilichangia kosa hili. Seli sugu nyingi za maabara hutengenezwa kwa kuziongezea dawa moja kidogo kidogo kwa miezi, mpaka zinahimili dozi mara mamia ya mwanzo. Ukichekecha kwa ukali hivyo, utapata seli zilizowasha pampu kupita kiasi. Kisha ukileta kizuizi cha pampu, lazima kitafanya kazi, maana umezichagua seli ambazo tatizo lao ni pampu. Kwa mgonjwa, usugu unaweza kuwa wa mara mbili tatu tu, umechanganyika, na unatosha kumuua.

Wenzao walianza upande wa pili

Linganisha na hadithi ya imatinibu, wengi wanaijua kwa jina la Glivec. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa aina moja ya saratani ya damu inayoendeshwa na protini moja isiyo ya kawaida. Mwaka huo huo, baadhi ya wagonjwa walishaanza kurudiwa na ugonjwa. Kundi la Charles Sawyers huko California halikwenda kutengeneza seli sugu kwanza. Lilichukua seli za wagonjwa wenyewe waliorudiwa na ugonjwa, likauliza: protini ile imelala au imeamka? Ilikuwa imeamka. Kwa nini? Katika wagonjwa sita kati ya tisa waliochunguzwa kwa karibu, herufi moja ya jeni ilikuwa imebadilika, mahali pale pale, na imatinibu ikawa haina pa kushikia.

Wagonjwa tisa tu. Lakini walikuwa wagonjwa, na jibu lilitoka kwao. Kuanzia hapo wakemia walijua wanatafuta nini: dawa inayoweza kushika protini iliyobadilika hivyo. Ponatinibu ikaidhinishwa mwaka 2012, asiminibu ikafuata mwaka 2021 kwa kushika sehemu nyingine kabisa ya protini. Haikuwa asali tupu. Ponatinibu ilileta damu kuganda kwenye mishipa, na mwaka 2013 mauzo yake Marekani yalisimamishwa kwa muda kabla ya kurudi na masharti. Hata hivyo hatua zilifuatana: mgonjwa kwanza, sababu pili, dawa tatu.

Na hadithi hiyo hiyo ina funzo jingine ambalo kisahani hakiwezi kulitoa hata ukikitazama mwaka mzima. Mwaka 2010 watafiti wa London walifuatilia wagonjwa 87 waliokuwa wakitumia imatinibu kwa miaka, wakahesabu vidonge kwa kifaa cha kielektroniki kilichofichwa kwenye kifuniko cha chupa. Kwa waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, uwezekano wa ugonjwa kushuka kwa kiwango kikubwa ndani ya miaka sita ulikuwa asilimia 94.5. Kwa waliomeza chini ya hapo, asilimia 28.4. Sehemu ya kile ambacho kwenye faili kingeandikwa "dawa haifanyi kazi" haikuwa kwenye seli. Ilikuwa kwenye chupa.

Hiyo ni London, ambako duka la dawa liko karibu. Sisi huku tunajua mambo mengine yanayoweza kumfanya mtu aruke dozi: nauli ya basi, foleni, dawa kuisha stoo, msimu wa kulima. Tangu mwaka 2002 Glivec ilitolewa bure kwa wagonjwa wa nchi nyingi zenye kipato kidogo kupitia mpango maalumu, na mpango huo ulifika Afrika Mashariki. Lakini dawa ya bure iliyoko mji mkubwa bado ina bei kwa mtu anayekaa safari ya siku mbili kutoka hapo. Hakuna tasnifu ya kisahani itakayokuonyesha usugu wa aina hiyo.

Najua utaniambia nini

Utaniambia: sisi hatuna majaribio ya wagonjwa 449. Tuna kabati moja la kukuzia seli, seli za kuagiza, mimea ya kwetu, na mwaka mmoja na nusu wa kumaliza shahada. Kisahani ndicho tulicho nacho. Hoja hiyo naikubali. Kila dawa niliyoitaja hapa ilipita kwenye kisahani, na mimea imetupa dawa za kweli. Vinkristini yenyewe ilitoka kwenye mmea. Sina ugomvi na kuanzia kwenye kisahani.

Ugomvi wangu ni kumalizia hapo hapo na kuandika kana kwamba umefika. Sentensi ile haibaki kwenye jarida. Inachukuliwa, inapunguzwa maneno, inapigwa picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp: "Wanasayansi wathibitisha mti huu unamaliza saratani iliyoshindikana." Anayeupokea ujumbe huo ni mtu ambaye mama yake yuko kwenye mzunguko wa tatu wa dripu. Anachemsha majani.

Hapa ndipo somo la valspodari linageuka kuwa la kwetu. Kama ni kweli kiambata cha mmea kinazima pampu, basi kuna uwezekano kinazima pia pampu ya utumbo na ini, na pengine kinagusa enzaimu za kuvunja dawa. Kwa mgonjwa aliye kwenye matibabu, hiyo ni njia ya kupandisha dozi bila daktari kujua. Na inaweza kwenda kinyume: mmea wa Ulaya unaoitwa St John's wort, unaotumika kwa watu wenye huzuni, ulionekana mwaka 2004 kupunguza kiasi cha imatinibu mwilini kwa karibu asilimia 30. Mtu anakunywa chai yake ya majani akidhani anajisaidia, kumbe anajipunguzia dawa. Kwa hiyo kadiri matokeo yako ya kisahani yanavyokuwa mazuri, ndivyo unavyowajibika zaidi kumwonya mgonjwa asiyajaribu nyumbani.

Basi ukikutana na makala ya aina hii, iwe ya kwako, ya mwenzako au ya chuo kikubwa ng'ambo, iulize maswali manne tu. Seli hizi sugu zilipatikanaje, kwa mgonjwa au kwa kuchekecha maabarani? Kiwango cha kiambata kilichotumika, damu ya binadamu inaweza kukifikia bila madhara? Kiambata chenyewe bila dawa kinaua seli kiasi gani, na seli zenye afya kinazifanya nini? Je, kuna sampuli yoyote ya wagonjwa, hata za zamani zilizohifadhiwa idara ya patholojia, inayoonyesha njia hii ya usugu ipo kwao? Makala inayojibu mawili kati ya hayo tayari iko mbele ya nyingi. Swali la nne halihitaji mashine ya mabilioni. Linahitaji kibali cha maadili, daktari wa patholojia anayekubali kushirikiana, na msimamizi atakayekubali jibu likiwa "hapana, kwa wagonjwa wetu haipo". Jibu hilo nalo lina thamani. Lingepatikana mapema kwa pampu, pengine lingeokoa miaka na watu.

Na ile sentensi ya mwisho ya muhtasari? Ibadilishwe. Iandikwe hivi: kiambata hiki kimezima pampu kwenye seli hizi, zilizotengenezwa hivi, kwa kiwango hiki, bado haijapimwa kama kiwango hicho ni salama, wala kama usugu wa wagonjwa wetu unatokana na pampu hii. Ni ndefu, haivutii, na hakuna atakayeituma WhatsApp. Lakini mtafiti atakayeisoma kesho atajua aanzie wapi, na yule mwenye mama kwenye dripu hatachemsha chochote kwa sababu yake.